Sifa za Sufuria Lenye Ukoko

Lucian, mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 2, aliona nzi anastahili sifa, akamwandikia. Erasmus naye, mwaka 1511, alichapisha kitabu ambamo upumbavu unapanda jukwaani na kujisifu wenyewe. Ikiwa nzi na upumbavu wamepata mawakili, sioni kwa nini sufuria la pilau lililogandiwa na ukoko liendelee kutupwa uani kana kwamba halina mwenyewe.

Tuanze na nasaba, maana hasifiwi mtu bila kutajiwa ukoo. Ukoko una jamaa wenye hadhi zao. Wairani wanauita tahdig, wanaukaanga makusudi na kumtengea mgeni. Wahispania wanaukwaruza chini ya paella na kuugombea. Wakorea wanaumiminia maji ya moto wakanywa baada ya kula. Sisi tumewaachia watoto na kuku.

Kuzaliwa kwake nako si kwa bahati. Mchele ukishakunywa maji yote, mpishi hupalia makaa juu ya kifuniko, huku kuni za chini hazijapunguzwa vya kutosha kwa sababu kuna mtu anasimulia habari tamu. Punje za chini, zikikosa maji ya kuzipoza, hukauka, huwa hudhurungi, kisha hushikana na bati. Wenye shughuli humlaumu mpishi. Mimi humwombea maisha marefu.

Sababu ni watu wakimya. Tangu Carl Jung, daktari wa Uswisi, achapishe kitabu chake cha aina za nafsi mwaka 1921, wasomi wameshazoea kusema kuwa kuna watu walioelekea ndani na walioelekea nje. Habari hizo bado hazijafika kwenye maharusi. Huko mtu mkimya huwa na maradhi mawili tu: ama amenuna, ama anaringa. Mshereheshaji anazo dawa za yote mawili. Kwanza ni utambulisho: "Wajomba wasimame! Wapunge mikono!" Kisha meza moja moja inaulizwa mbona imepoa. Kisha zawadi, ambazo huwezi kuziweka mezani ukarudi zako. Sharti uzipeleke kwa kucheza, kwenye mstari, mbele ya kamera, nyuma ya mtu anayejua kucheza. Ukinusurika hapo, pembeni yako ameketi mama mkubwa ambaye hajakuona tangu msiba wa mwaka juzi, naye ana maswali. Kazi je? Mchumba je? Na huo mwili mbona umekwisha?

Sasa mtazame mtu huyohuyo akiwa uani, ameinamia sufuria, majivu na masizi yamempanda hadi viwikoni. Nani atamwambia achangamke? Hata salamu inafupishwa: mkono mchafu haushikwi, anatoa kifundo, kinaguswa, imekwisha. Muziki anausikia, tena vizuri tu, kupitia ukutani, kiasi anachokitaka. Wanaokuja uani wanakuja na shida zao: kisu kiko wapi, sahani zimebaki ngapi. Hayo ni mazungumzo mazuri kabisa, yana mwanzo na yana mwisho.

Na ukoko, kwa wema wake, hauna haraka. Sufuria safi lingekurudisha ukumbini kwa dakika chache. Lenye ukoko unalisugua kwa majivu, halikubali. Unachukua makumbi ya nazi, linakubali upande mmoja. Na kwa kuwa ni la kukodi, hakuna anayethubutu kukwambia uliache hivyo. Ukitoka hapo keki imeshakatwa.

Muujiza wenyewe ni heshima. Shangazi aliyekuwa akisema unajisikia ndiye atakayetangaza kesho yake kuwa mtoto yule ana utu, anapenda watu. Umewakimbia watu jioni nzima, na malipo yake ni kusifiwa kwa kuwapenda! Tusimsahihishe.

Yapo maficho mengine, lakini hayafui dafu. Simu inaisha chaji, halafu inakuongezea sifa ya kiburi. Chooni kuna foleni, na foleni ni mkutano mwingine. Kumbeba mtoto mchanga kulionekana jambo la busara mpaka ikagundulika kwamba kila mtu anataka kumwona mtoto.

Sitaficha kwamba sufuria linaumiza mgongo na kuharibu kucha. Rafiki gani hana kasoro? Kinachonitia hofu ni maadui zake. Siku hizi kuna wapishi wa kukodi wenye sare, wanaokuja na vyakula vimeshafunikwa kwenye mahotipoti, na vyombo vyao wanaondoka navyo vichafu hivyohivyo. Uani hakuna kitu, ni jenereta tu. Mtu mkimya wa zama hizi anaanzaje maisha?

Adui wa pili ni mwenye huruma. Atakukuta unasugua, aseme, "Pole jamani, wacha nikulowekee, kesho litatoka lenyewe." Usimruhusu kabisa. Ukoko ukilowekwa hauwi tena ukoko, ni uji, na mtoto wa darasa la pili anauondoa kwa upawa. Akija na ndoo yake ya maji ya moto, mwambie hilo bado lina pilau ya wakwe, halafu umtume ukumbini akaulize watakula saa ngapi.