Sifa za Faili Lisilotaka Herufi Kubwa

Mji Mkongwe ni mji wa kusifu. Tumeisifu milango yenye misumari ya shaba, tumeisifu karafuu, tumemsifu Siti binti Saad aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi sahani Bombay, na kila wikiendi tunazisifu harusi ambazo hata hatukualikwa. Aliyebaki bila msifu ni mmoja tu: faili la usanidi. Nakusudia lile andiko la mistari ishirini au thelathini ambalo fundi wa kompyuta hulitunga ili picha na video za watu zikakae kwenye kontena huko winguni. Halina rangi, halina sauti, halipendezi hata kwa wenyewe. Ukilitupia jicho utadhani ni orodha ya dukani iliyoandikwa na mgonjwa wa homa. Leo na lipambwe, limekaa sana nyuma ya pazia.

Kwanza tulipe heshima kwa kazi lililoirithi. Zamani picha za Unguja zilikuwa na mlezi mwenye duka na kabati. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na Masultani, maharusi na mitaa yetu ikapita mbele ya kamera yake. Ukitaka picha ulimwendea mtu, ukamwamkia, ukaeleza shida yako. Lakini kabati la Unguja lina adui wawili, chumvi na unyevu, na masika yakiingia kuvu huota juu ya filamu bila kuuliza ni ya nani. Jengo nalo si la kutegemea. Beit el-Ajaib ya Sayyid Barghash, iliyosimama tangu 1883 ikiitazama bahari, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Basi faili letu linakuja na ahadi za Amazon mkononi: ukiweka vitu milioni 10 katika hazina yao ya S3, utarajie kupoteza kimoja katika kila miaka 10,000. Harusi ya Kizanzibari haijafika picha milioni 10, ingawa inajitahidi.

Sifa ya mwanzo ni unyenyekevu, tena wa kulazimisha. Jina la kontena katika S3 liwe na herufi zisizopungua 3 wala kuzidi 63, ziwe ndogo zote, na zinazoruhusiwa kuandamana nazo ni tarakimu, nukta na kistari cha kawaida. Kistari cha chini hakitakiwi. Sayyid Barghash angekuja leo kufungua kontena lake, angeandikwa barghash, kama mtoto aliyeanza darasa la kwanza, na asingekuwa na wa kumshtakia. Zaidi ya hayo, jina hilo lisiwe limeshachukuliwa na mteja mwengine yeyote, awe Tokyo au Toronto. Hebu fikiria sheria hiyo inavyotua katika mji ambao ukiita "Mohammed!" pale Darajani wanageuka nusu ya wauza samaki. Ndiyo maana kontena zetu zina majina marefu kuliko shajara za ukoo: picha-harusi-kiponda-2024-mpya-hii-ndiyo. Nani aliyesema kompyuta imeua fasihi?

Pili, faili hili ni sikivu mno. Linasikia hata kisichosemwa. Likiwa limeandikwa kwa mtindo wa JSON, ole wako ubakize koma baada ya kitu cha mwisho katika orodha. Likiwa la YAML, ole wako uitumie ile tabu ya kibodi badala ya nafasi. Halisemi kwa upole, "Bwana, hapa pana koma imezidi." Linanyamaza, na asubuhi yake mgeni aliyeko Milano anafungua tovuti ya hoteli ya Paje, anakuta mraba mweupe wenye alama ya picha iliyokatika, na kwa kuwa bei ni ya juu anaamini kuwa huo ndio mtindo mpya wa vyumba.

Hapa naomba msomaji akae vizuri. Hiyo YAML, kwa kanuni zake za kale ambazo programu nyingi bado zinazifuata, ikikuta neno NO halikutiwa alama za kunukuu hulisoma kuwa ni ukanusho, "si kweli". Sasa NO ndiyo alama ya kimataifa ya nchi ya Norwei. Mtu wa hoteli ya Nungwi aliyezipanga picha za wageni kwa nchi zao, IT kwa Waitalia, DE kwa Wajerumani, NO kwa Wanorwei, anaamka asubuhi na kukuta Italia ipo, Ujerumani ipo, Norwei imekanwa. Norwei! Nchi iliyokaa miaka na miaka ikisaidia kusambaza umeme katika vijiji vya Unguja, ambayo bila ya nguzo hizo huenda hata huyo mtu wa hoteli asingepata pa kuchomeka kompyuta, leo inalipwa kwa kuambiwa haimo duniani. Wala faili halina chuki na mtu. Limesoma lilichoandikiwa. Dawa yake ni alama za kunukuu kabla na baada ya zile herufi mbili, na taifa zima linarudi mahali pake. Hata Umoja wa Mataifa hauwezi kazi hiyo kwa wepesi namna ile.

Sifa ya tatu ni stara, na hii naisema nikiwa nimepunguza mzaha. Watu wa bara wanaweza kudhani kuwa faragha ya kontena ni jambo la mabenki. Hapa kwetu ni jambo la harusi. Bibi harusi hupambwa akakaa ukumbini mbele ya wanawake wenziwe, simu zikakatazwa mlangoni, mpiga picha akawa mwanamke, yote ili nywele zile na mabega yale yasionwe na asiyehusika. Kisha picha hizo hizo, baada ya ulinzi wote huo wa mashangazi, zinapelekwa kwenye kontena ambalo mstari mmoja wa faili ndio unaoamua kama mlango umefungwa au uko wazi kwa walimwengu wote. Shangazi wa mlangoni hukohoa akimwona mwanamme anakaribia. Faili halikohoi. Linafungua kwa utulivu uleule linaofungia. Kwa miaka mingi makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani yaliacha milango hiyo wazi na siri za wateja zikazagaa, mpaka Amazon ikaamua kuwa kuanzia Aprili 2023 kila kontena jipya litazaliwa na komeo linalozuia kufunguliwa kwa umma. Ndipo mafundi wasiojua habari hizo wakaanza kuiona namba 403, ile ya kukataliwa kuingia, mahali palipotakiwa kuwa na picha, na kulaani mtandao. Huo si mtandao, ni stara.

Na anayetaka kuwaonesha ndugu wa Maskati bila kuwaonesha majirani wote, faili na programu yake vinaweza kutoa kiungo chenye saini ambacho hufa chenyewe. Kwa S3, uhai wa kiungo hicho hauzidi siku 7. Fungate kamili! Sijui kama wahandisi wa Seattle waliwahi kukaa ndani na bibi harusi wa Kiunguja, lakini hesabu wameipatia.

Nne, ukarimu. Katika mkataba ambao Marekani ilifunga na Sayyid Said mwaka 1833, ushuru wa bidhaa za Wamarekani ziingiapo bandarini uliwekwa asilimia 5, na forodha ya Unguja ikatajirika kwa vinavyoingia. Wamarekani wa leo wameupindua utaratibu. Kuingiza picha kwenye wingu lao ni bure, karibu sana, leta na video za maulidi. Kuzitoa ndiko kunakolipiwa, ukishavuka kiasi fulani kwa mwezi. Na ukiliamrisha faili liipeleke mizigo ya zamani kwenye ghala la chini kabisa, lile la bei poa, siku utakapoitaka picha ya marehemu babu utangoja hata masaa kumi na mbili. Kabla ya hapo umeshakwenda na kurudi Pemba kwa boti, ukala na chakula cha mchana huko.

Halafu kuna mstari wa eneo. Usipoangalia, ukanakili mfano wa mtu, utakuta umeandika us-east-1, maana yake Virginia, na harusi ya Kiponda inakwenda kuishi Marekani bila viza. Ndiko huko tarehe 28 Februari 2017 fundi mmoja wa Amazon alipokosea amri aliyoiandika, akaondoa seva nyingi kuliko alizokusudia, na sehemu kubwa ya intaneti ikakaa masaa kadhaa bila picha. Tangu Aprili 2020 kuna eneo la Cape Town, karibu yetu kidogo. Lakini ukaribu huo nao tusiuimbie sana. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikazimika au ikatambaa. Picha zilikuwa salama siku ile, salama kabisa, salama hata kutoka kwa wenyewe. Waliokuwapo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, pale umeme wa kutoka bara ulipokatika kwa miezi, hawakushangaa sana. Kisiwa chochote kinachoishi kwa waya zilizolazwa chini ya bahari kimeshafunzwa subira, na faili la usanidi linakuja kuendeleza somo.

Msinielewe vibaya, sikulisifu kwa kejeli tupu. Waulize wenye kamera za harusi pale mjini picha za miaka kumi iliyopita ziko wapi. Wengi watakwambia: kwenye hadi diski, kwa fulani, aliyehamia Dubai. Faili hili dogo lenye kiburi cha nafasi na koma linasema kwa maandishi kitu kiko wapi, nani ana ruhusa ya kukiona, na kitafutwa lini. Likikosea, kosa lake limeandikwa na linasomeka. Ofisi ngapi za mji huu zinaweza kusema hivyo?

Kwa hiyo mafundi wa Unguja, nawaombeni mawili. Mstari wa eneo msiuache ujijaze wenyewe. Na nakala ya faili lenyewe iwekeni pahala pengine, nje ya kompyuta yenu, kwani likipotea hilo hatutakuwa na wa kutwambia kama bibi harusi wetu yuko Cape Town au Virginia, wala kama mlango wake umefungwa.