Deni la Shilingi 0

Mama mkwe sasa huzungumza nami kupitia kwa mke wangu. "Mwambie mumeo chai tayari," husema, nami nimekaa hapo hapo mezani. Juzi saa nane usiku simu yake ililia: "Deni lako la kikoba ni shilingi 0. Lipa kabla hatua hazijachukuliwa." Baada ya robo saa, ujumbe huo huo. Ikawa hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Na alikuwa ameshalipa jioni, tena kwa kuuza jogoo.

Kitanzi kilichotuma ujumbe huo nilikiandika mimi, kwa lugha ya Bash: while [ $deni > 0 ]. Maadamu deni limezidi sifuri, tuma ujumbe, lala robo saa, soma deni upya. Mwenye macho aniambie kosa liko wapi! Kumbe ndani ya mabano hayo alama ya > hailinganishi chochote. Inamwaga matokeo kwenye faili. Kila robo saa Bash ilitengeneza, kwa adabu zote, faili tupu liitwalo 0, kisha ikabaki na swali moja tu: ndani ya $deni mna maandishi? Mna, sifuri. Basi ni kweli, endelea. Na hilo bano la kwanza si bano hata kidogo. Ni amri kamili inayoitwa [, ndiyo maana inadai nafasi baada yake. Namba hulinganishwa kwa -gt. Halafu if hufungwa kwa fi, case kwa esac, ila do haifungwi kwa od. Stephen Bourne, ambaye programu yake ya amri ilitoka na Unix ya mwaka 1979 na ndiyo mzazi wa Bash, aliipenda lugha ya ALGOL 68 yenye od. Bahati mbaya Unix ilishakuwa na programu ya jina hilo, ndipo likaja done. Utamu mtupu! Ningemsimulia mama mkwe, kama angekuwa ananisemesha.

Nikahamia mabano mawili, [[ ]], na alama ile ile. Yakapima namba kwa mpangilio wa kamusi: 9000 ikaishinda 10000, mweka hazina wa kikoba akaonywa bure.

Lakini linaloniuma ni ukimya. Sahau nafasi moja, Bash inafoka. Mdai mtu mzima pesa asizodaiwa, usiku kucha, nayo haisemi neno. Ukilalamika, wajuzi wanakujibu kwamba imeandikwa kwenye mwongozo. Na sheria iliyomnyang'anya shamba babu yangu iliandikwa pia, mahali ambapo hakuna aliyeisoma.

Kikoba kimerudi kwenye daftari. Ujumbe wa usiku ule nimeagizwa kuulipia mimi.