Mtandao Umekula "Si" Yangu

Vikao vya harusi siku hizi vinafanyika kwenye simu. Mwenyekiti yuko Tabata, katibu yuko Mwanza, mweka hazina yuko Morogoro, na sisi wa Ujiji, Kigoma, tunawakilisha upande wa ziwa, upande ambao kazi yake ukoo mzima unaijua: kuchanga na kuleta dagaa. Zamu ya ahadi iliponifikia nikakohoa kidogo, nikasema kwa heshima zote: "Mwenyekiti, sitaweza kutoa laki tano." Nikaendelea na sababu: ada za watoto, bati la jikoni, hali ya biashara. Kule Tabata kilichofika ni hiki: "Mwenyekiti, … taweza kutoa laki tano." Makofi yakapigwa. Shangazi akatia kigelegele. Katibu akaandika.

Nilipojaribu kusahihisha, picha yangu ikaganda kinywa kikiwa wazi na mkono mmoja juu. Mtu akaipiga picha ile skrini akaitupia kwenye grupu la ukoo, na chini yake akaandika: "Anko wa Kigoma, furaha imemzidi." Mama, aliyekuwa ameketi pembeni yangu akichambua mchele, akanishauri nipaze sauti, maana Dar ni mbali.

Nilikuwa na hakika kwamba ugonjwa ni spidi, kwa sababu spidi ndiyo inayouzwa. Dukani hutajiwi kitu kingine: megabiti 10, megabiti 20, kifurushi hiki kinakimbia kuliko kile. Mpwa wangu, anayesoma kompyuta chuoni na ambaye likizo zake huliwa zote na vifaa vya jamaa, akapima. Spidi ilikuwepo, tena ya kutosha. "Anko," akasema, "mwendo unao. Tatizo pakiti zinapotea njiani."

Akanieleza, nami nakupa kama nilivyoelewa. Intaneti haisafirishi sauti ya mtu ikiwa nzima. Huikatakata vipande vidogo, ndizo pakiti, kila kimoja na anwani yake na namba yake ya foleni, kisha huunganishwa upande wa pili. Kipande kisipofika, kinachofuata kinategemea aina ya mzigo. Ukiwa ni ujumbe wa maandishi au picha, mtumaji hukosa taarifa ya kwamba kimepokelewa, akakituma tena, na tena, mpaka kitimie. Ndiyo maana sijawahi kupokea ujumbe wa "nitumie elfu hamsini na ya kutolea" ukiwa umepungua hata nukta. Lakini sauti ya papo kwa papo haina subira. Kipande kilichochelewa kinaachwa, mazungumzo yasonge mbele. Kila kipande hubeba sehemu ndogo mno ya sekunde, na "si" ni silabi fupi. Vikipotea vichache vilivyofuatana, mtu aliyekataa amekwisha kukubali.

Nikapiga huduma kwa wateja wa kampuni, ambayo sitaitaja. Baada ya muziki mrefu, dada mwenye sauti ya upole akaniambia nizime ruta, nisubiri, niwashe. Nikamweleza kwamba hilo limeshafanyika. Akaniambia nizime, nisubiri, niwashe. Kisha akaniuliza kama kuna jingine la kunisaidia, ilhali la kwanza lilikuwa bado liko mezani, na akanishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi.

Sisi wa huku hatuna haki ya kuidharau zima-washa. Ushahidi ni meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikasafiri kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuja Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini mwaka 1915. Huo ndio usafirishaji wa pakiti, na zilifika za kutosha kuwa meli. Mwaka uliofuata wenyewe wakaizamisha isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Ilizimwa, ikasubiri, ikawashwa, ikabeba abiria na magunia kwa miongo mingi. Hakuna ruta yangu yoyote itakayofikia umri huo.

Mfano wa upande wa pili, wa pakiti zilizopotea, uko Ujiji hapa hapa. Mmisionari David Livingstone alikaa mji huu mwaka 1869 akiandika barua kwa bidii ya mtu asiye na la kufanya jioni. Inasimuliwa kwamba katika barua 44 alizopeleka pwani, moja tu ndiyo iliyofika Zanzibar. Huo ni upotevu wa karibu asilimia 98, na bado kuna jirani yangu anayedai mtandao wa zamani ulikuwa bora. Ucheleweshaji nao ulikuwepo: mwandishi wa habari Stanley, aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta hapa mwishoni mwa 1871, alimkabidhi mfuko wa barua ulioandikwa Novemba 1870. Kwa hesabu za mpwa wangu hiyo ni ping (muda wa kwenda na kurudi) ya mwaka mmoja, tena ya upande mmoja tu.

Ila tusiusingizie umbali. Reli kutoka Dar hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200, na mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata mkongo ukizungukazunguka, safari hiyo ni sehemu chache za elfu moja za sekunde. Wala kuishi Dar si kinga. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika upande wa Afrika Kusini, nchi karibu nzima ilionja. Jumapili hiyo jamaa zangu wa Tabata, ambao kwa kawaida hutucheka, walinipigia simu ya kawaida kwa vocha kuniuliza kama huku kwetu kunashika. Nikafurahi kuliko inavyompasa Mwislamu.

Turudi nyumbani. Mpwa akaiagiza kompyuta ipige hodi: kwanza kwenye ruta yenyewe, kisha kwenye seva ya mbali. Mtindo huo ni mzuri kwa sababu unakuonyesha mwizi yuko chumba gani. Hodi zilizokwenda mbali zilikuwa zinapotea, hilo tulilitarajia. La ajabu ni kwamba hata zile za kwenye ruta, hatua chache kutoka kitini, kadhaa hazikuitikiwa. Kwa hiyo mwizi wa kwanza alikuwa ndani.

Tukaenda kumtazama. Ruta ilikuwa inaishi ndani ya kabati la vyombo sebuleni, nyuma ya sinia kubwa la alumini, lile la pilau ya Idi, huku imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya waridi. Mama alikuwa ameipa heshima ileile ya televisheni na ya redio ya marehemu baba. Sinia lilikuwa linayarudisha mawimbi yalikotoka, na kitambaa kilikuwa kinaipikisha ruta kwa joto lake yenyewe. Mpwa akainyooshea mkono, mama akamzuia. "Kile kitaa kinawaka usiku kucha," akasema. "Mkikiweka nje wezi watakiona dirishani." Mazungumzo yakawa marefu. Hatimaye ruta ikapigiwa msumari juu ukutani kwenye ukumbi, mbali na dirisha, na kitambaa kikabaki kabatini kufunika nafasi iliyoachwa wazi.

Hodi za ndani zikaanza kuitikiwa zote. Asubuhi na mchana nikawa naongea na Mwanza kama tuko baraza moja. Ikifika saa mbili usiku hali inarudi, na hapo sinia halina kosa. Ruta hizi za nyumbani nyingi ni laini ya simu tu iliyowekwa kwenye boksi, na mnara tunaoutegemea sisi ndio unaotegemewa na mtaa wa Mwanga, na vijana wanaotazama mpira, na wanaotuma video za harusi za wenzao. Vifaa vya njiani vina nafasi ya kupanga foleni. Foleni ikijaa, pakiti inayofika inatupwa. Haichaguliwi kwa umuhimu. Inaweza kuwa ya bao, inaweza kuwa "si".

Kuhusu laki tano, mwenyekiti alisema kilichoingia kwenye muhtasari hakifutwi. Shangazi akaingilia kati, tukamalizana kwa laki mbili na gunia la dagaa, wale wa Kibirizi, wakavu, wasio na mchanga.

Basi wewe unayefikiria kupanda kifurushi kwa sababu mazungumzo yanakatika, subiri kwanza. Kaa jirani na ruta, ichomeke kompyuta kwa waya ukiweza, pima asubuhi na upime tena usiku. Pakiti zikipotea hapo kati yako na ruta, tafuta sinia. Zikipotea nje usiku tu, megabiti 20 zikiwa 40 hazitazirudisha. Utakuwa umelipia barabara pana inayoishia kwenye mlango uleule. Na ukiwa na neno la fedha la kusema kwenye kikao cha usiku, liandike.