Acheni Wivu, Majirani

Wakazi wa Utemini, msiwabeze wenye X-Trail ya 2008 kutoka Japani. Ni gari lenye baraka. Redio yake inakomea 90 FM, hivyo stesheni za juu ya hapo hazisumbui familia. Taa ya injini haizimiki hata umeme ukikatika. Gia ya CVT ikipata joto, gari hupunguza mwendo lenyewe. Lina nidhamu kuliko madereva wa mabasi. Mafuta maalumu ya gia hiyo ni ghali? Mwagieni ya kawaida, gia boksi itazoea. Bushi zikigonga kwenye changarawe, hiyo ni ngoma isiyodai malipo ya bendi. Bodaboda hubeba mtu mmoja. Hili hufikisha ukoo mzima gereji. Nunueni, ndugu zangu: mafundi nao wanasomesha.