Nganya Imerembwa, Tairi Je?

Ukiingia nganya, yaani matatu iliyorembwa, iendayo Rongai kutoka jijini Nairobi, utadhani umealikwa harusini. Nje imechorwa uso wa mwanasoka. Ndani taa za zambarau, runinga kila pembe, na muziki wa kung'oa meno ya bandia. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, alizibana matatu: mstari wa manjano, mikanda, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Urembo ukanywea, kisha ukarudi kwa kishindo, na mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe akawatetea wachoraji. Haki yao, vijana wale ni mafundi kwelikweli. Ninayemstaajabia ni mwenye gari. Spika ananunua bila kuuliza bei, lakini tairi likiwa kipara anasema lisubiri mwisho wa mwezi. Mkanda umepigwa fundo chini ya kiti, labda nao ni pambo. Sisi abiria tunaiacha matatu kuukuu yenye breki nzima iende tupu, tunangoja yenye taa. Basi ndugu msafiri, kabla hujaisifu rangi, inama uangalie tairi.