Risala ya Kulisifu Daladala la Sebuleni

Itifaki ikiwa imezingatiwa, naomba kuitumia nafasi hii adhimu kulisifu daladala linalofanya safari zake sebuleni kwangu. Limeundwa kwa makochi, stuli moja na mpini wa dekio. Usukani wake ni mfuniko wa sufuria ya wali, ndiyo maana wali wenyewe siku hizi tunaufunika kwa sinia. Dereva ana miaka minne, konda ana sita, na mwenye gari, kwa maana ya anayebeba gharama zote bila kuulizwa neno, ni mimi.

Sifa yake kuu ni kwamba halijai. Wataalamu wa usafiri jijini Dar es Salaam wamelikunia kichwa suala hili tangu mwaka 1983, Serikali ilipowaruhusu watu binafsi kubeba abiria sambamba na shirika la usafiri la UDA, na hadi leo ukisimama kituoni jioni utaona jibu halijapatikana. Konda wangu analo. Juzi nilimkuta bibi yao ameshapakiwa dirishani, kikapu cha mchicha mapajani. Nyuma yake kulikuwa na mito yote ya nyumba hii, mdoli asiye na mkono, mtoto wa jirani, na paka ambaye naamini alipanda bila kujua gari linakwenda wapi. Nikasema nitasubiri linalofuata.

"Panda anko, nyuma kweupe!"

Nyuma ni ukuta. Nikamwonyesha ukuta. Akaniambia nisimame kiubavu, wote tunawahi. Basi nikasimama kiubavu, shavu langu limegandamizwa kwenye kalenda, mimi baba mzazi niliyegeuzwa anko ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Nilikuwa naelekea bafuni tu. Kwa miguu, kutoka jikoni hadi bafuni ni kuvuka korido. Kwa basi ni lazima upitie Mbagala Rangi Tatu, na Mbagala kuna foleni. Tulipofika Kariakoo wakapanda wengine watatu, wote mito, na bado pakawa kweupe.

Nauli haisubiri kupangwa na LATRA: konda hukutazama usoni, akapanga. Vizibo vya soda anavishika kwenye kiganja cha kushoto na kuvitikisa, cha, cha, cha, kwa mdundo uleule unaomfanya mtu mzima ajipapase mfukoni hata kama ameshalipa. Ukidai chenji yako, jibu ni moja: "Chenji mbele." EWURA ikitangaza bei mpya za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, sebuleni hapashtuki mtu.

Sifa nyingine nazitaja kwa haraka, maana mgeni rasmi ana safari. Linafundisha jiografia. Linaamsha mtaa mzima Jumamosi kabla jogoo hajajikuna. Liliwahi pia kuniokoa na mtu aliyekuja kukopa, akakosa pa kukaa, akaaga.

Watu husema watoto wana ubunifu. Mimi naona kumbukumbu, tena kali. Dereva akichoka kuendesha huwa trafiki. Analisimamisha gari, analizunguka taratibu mikono nyuma, anainama kwenye tairi ambalo halipo, anatikisa kichwa kwa masikitiko. Konda anashuka. Wanakwenda pembeni, nyuma ya pazia, wanapeana mikono. Konda anaporudi, vizibo vimepungua na gari ni zima. Nani aliwafundisha hilo la pazia?

Au tazama wakicheza ofisi. Nilikwenda kuomba mfuniko wangu. Karani ameweka rimoti sikioni, hakunitazama, akaninyooshea kidole kimoja kwamba nisubiri, akacheka na mtu wa upande wa pili, akapiga mwayo, ndipo akasema, "Mtandao hakuna. Njoo Jumatatu."

Hayo niliyacheka. Lililonishinda ni pale mtoto wa jirani alipotaka kupanda na begi lake mgongoni, konda akaweka mkono mlangoni: "Denti wameshatosha." Lile hakulitunga. Amelikuta kituoni, asubuhi kweupe, watoto wa sare wanasukumwa na kiwiko kwa sababu nauli yao ni ndogo, na ndani ya gari watu wazima wenye watoto wao wamezama kwenye simu. Risala ikanikwama kooni, mgeni rasmi uniwie radhi.

Lakini kero kubwa kuliko zote haijatoka sebuleni. Imekuja kwa maandishi, kwenye ripoti ya dereva kutoka chekechea: "Anacheza sana. Mzazi asaidie." Miaka minne! Basi la shule linamzoa alfajiri giza halijatoka, linamtembeza nusu ya jiji akiwa amelala mdomo wazi, na jioni anarudi na kazi ya kuandika moja hadi mia. Bembea ya shule ipo kwenye kipeperushi. Uwanja wenyewe ni maegesho ya mabasi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Ibara ya 31 inampa mtoto haki ya kucheza. Umoja wa Mataifa ukaongeza Siku ya Kimataifa ya Kucheza, tarehe 11 Juni, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2024. Nadhani barua ilichelewa kufika kwa mwalimu mkuu, pengine mtandao hakuna.

Sasa wametuandikia tena. Shule inaanzisha Kipindi cha Ubunifu, dakika arobaini kila Alhamisi, ada yake pembeni, na wazazi tunaombwa kuleta maboksi matupu, mfuniko chakavu wa sufuria na vizibo vya soda.

Nikampelekea konda ombi hilo kwa heshima zote. Akavitikisa vizibo vyake, akatazama dirishani.

"Mwambie mwalimu, chenji mbele."