Jinsi ya Kuishinda Afrika Magharibi Kutokea Mwiki

Kuna watu wa Mwiki ambao simu zao zimejaa video za Ghana. Binti wa watu anapita juu ya daraja la kamba katika msitu wa Kakum, miti iko chini ya miguu yake, kofia pana, tabasamu pana zaidi, na chini ya video ameandika kwamba maisha ni mafupi. Anayetazama yuko ghorofa ya nne, mabomba yana hewa tu tangu Jumanne, na moyo unamuuma. Mwongozo huu ni wake.

Jambo la kwanza, usiinuke. Baki hapo hapo kitandani. Mlima mrefu kuliko yote nchini Ghana, Afadja, una mita 885. Mwiki iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hapo ulipolala, na soksi ukiwa nazo, uko juu ya Ghana nzima. Togo ina mlima Agou, mita 986. Nao uko chini yako. Benin haifiki mita 700, Senegal vilevile. Gambia tuiache, maana sehemu yake ya juu kabisa haifikii hata mita 100, na si uungwana kumcheka aliyelala chini. Nchi tano zimeanguka kabla hujatoa blanketi.

Ukitaka picha ya ushahidi, panda juu ya paa la ploti, kwenye matangi na kamba za nguo. Nyoosha mikono, angalia mbali kama mtu anayewaza mambo mazito, kisha uandike: "Niko juu kuliko kilele cha Ghana." Hujadanganya mtu. Keyateka akikuuliza unatafuta nini huko, mwambie unauzoesha mwili kimo. Atakuambia ushuke ulipe pesa ya takataka.

Wenye tamaa zaidi wanaweza kuvuka mpaka. Anayesafiri kwa gari pwani ya Afrika Magharibi, kutoka Abidjan hadi Lagos, hupita nchi tano katika kilomita elfu moja hivi, na kila mpaka una foleni yake, mhuri wake na mtu wake wa kubadilisha pesa. Mwiki ina ladha hiyo kwa bei nafuu. Kuna Mwiki ya Ruiru, katika Kaunti ya Kiambu, na Mwiki ya Kasarani, Nairobi. Mtu anaweza kununua sukuma wiki chini ya gavana mmoja na kuila chini ya mwingine. Hakuna bendera wala mhuri. Maofisa wa forodha wapo, ila wanasimama barabarani na shughuli yao ni na makanga; wewe abiria tazama mbele.

Sasa mavazi. Wakenya wamegundua kupanda milima, na pamoja na milima wamegundua maduka. Utaambiwa huwezi kuonekana njiani bila fimbo mbili za chuma, miwani ya rangi ya mafuta ya taa na suruali yenye mifuko mingi kuliko vitu ulivyo navyo. Usikubali. Mwaka 1895 Mwingereza Mary Kingsley alikuwa akitembea katika misitu ya Gabon, akatumbukia katika shimo la kutegea wanyama, lenye vigingi vilivyochongwa vikimsubiri chini. Kilichomwokoa ni sketi yake nene. Mwaka huo huo akaupanda Mlima Kamerun, wenye zaidi ya mita 4,000. Basi kabla hujachukua mkopo wa simu kwa ajili ya suruali, fungua kabati la mama yako uone ile sketi ya mkutano wa akina mama kanisani. Kitambaa kile kimeshinda mvua za miaka mingi. Vigingi havitakiweza.

Viatu nunua soko la Gikomba. Faida ya buti za mitumba ni kwamba zimekwisha kupanda milima ya Uswisi kabla ya kukutana na wewe. Zina uzoefu kukuzidi na zinajua pa kukanyaga. Zijaribie nyumbani kwanza. Mvua ikinyesha, vichochoro vya Mwiki vikigeuka uji wa udongo mweusi, nenda dukani ukanunue maziwa na urudi na viatu vyote viwili. Ukifaulu, hakuna mlima wa kukutisha. Watoto wa mtaa hufanya hivyo kila asubuhi wakienda shule, wamebeba begi, na hakuna anayewapa cheti wala medali.

Hapo ndipo utalii huu wa jasho unaponichekesha. Mama anayebeba gunia la viazi kutoka soko la Githurai hadi kibandani kwake anapanda, anashuka, anavuka mtaro, anakwepa bodaboda, na mgongo wake unamwambia umri wake. Mtalii anayepanda kilima Jumamosi hafanyi zaidi ya hayo. Tofauti ni kwamba mtalii ana chupa ya maji ya chuma, tena amelipa.

Haya, twende mlimani kwenyewe, maana najua kitanda hakijakutosha. Mlima wako ni Kilimambogo, au Ol Donyo Sabuk, mita 2,145. Ukifika kileleni umeipita Côte d'Ivoire, yenye Mlima Nimba wa mita 1,752, na umeipita Sierra Leone, ambayo Bintumani yake haifiki mita 2,000. Nigeria imetushinda: Chappal Waddi ina mita 2,419. Usiwaambie Wanigeria. Huko mitandaoni wana silaha za kutosha.

Safari inaanza steji ya Mwiki. Panda gari hadi Githurai, kisha ushike la Thika, kwenye ile barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012, na ufurahie, maana ndiyo sehemu pekee ya safari iliyochorwa na mhandisi. Thika utabadilisha tena, utafute gari la Donyo Sabuk kwa barabara ya Garissa. Hapa kuwa macho. Utaikuta matatu imejaa, imebaki nafasi moja, na kamagera anaita kwa huruma, "Auntie, ni wewe tu tunangoja! Wa mwisho huyo!" Ukishakaa na kulipa, wenzako watashuka mmoja mmoja, kwa adabu, na kwenda kujaza matatu ya nyuma. Hao hawakuwa abiria. Ni wanyamapori wa kwanza utakaowaona siku hiyo, nao hawana kiingilio.

Njiani utapita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho. Kwa macho tu. Yana mwenyewe, na mwenyewe ana walinzi.

Mlimani nyati ni wa kweli. Jina la Kilimambogo halikutolewa kwa mapambo. Anayepanda kwa miguu husindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Kutoka langoni hadi juu ni kama kilomita tisa, na askari huyo huzipanda akizungumza kwenye simu, bila kutokwa jasho, huku wewe umeshika mti ukijifanya unaangalia ndege. Usimwulize, "Tumebakisha ngapi, kaka?" Jibu ni "hapo tu", na "hapo tu" ya askari wa mlimani ina kona nyingi.

Njiani kuna makaburi, na hapo pumzika kwa heshima, kwa sababu aliyelala pale ni mlezi wa wote wanaoshindwa kufika juu. Sir William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri mwenye shamba Juja, ndiye aliyemkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909, wakati rais huyo mstaafu alipokuja na msafara wa wapagazi mamia kuwapiga risasi wanyama wetu kwa jina la sayansi. McMillan alikuwa mtu mnene, na aliusia azikwe kileleni. Alipofariki mwaka 1925 jeneza likapandishwa kwa mashine. Mashine ikachoka njiani. Waombolezaji wakatazama juu, wakatazamana, wakachimba hapo hapo. Mkewe, Lady Lucie, naye alikuja kulazwa karibu yake. Kwa hiyo ukikata tamaa ya kupanda ukiwa makaburini, usione aibu. Umefika alipofika mwenye pesa.

Wenye moyo waendelee. Kileleni kuna minara ya mawasiliano, na hilo ni jema, kwa sababu picha zitaruka bila kusumbua. Kama hali ya hewa ni safi utauona Mlima Kenya, mita 5,199. Huo ndio wa kumtajia mtu wa Kamerun atakapoanza kujigamba. Ila usimkasirishe sana. Kwao, pale Buea, kila mwaka kuna mbio za kupanda Mlima Kamerun na kushuka siku hiyo hiyo, na washindi hurudi chini kabla ya chakula cha mchana. Wewe wakati huo ungali unatafuta upande mzuri wa uso wako.

Imebaki pwani. Nchi ya pwani bila maji si nchi ya pwani, na Mwiki haina bahari, hata landilodi akiandika hivyo kwenye tangazo. Lakini karibu na mlima huo kuna Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi, kama mita 27 kutoka juu hadi chini. Maji yake yana povu na harufu, na hapa naomba tusimtafute mchawi: Mto Nairobi, pamoja na mitaro yote inayoingia humo, huungana na Athi kabla ya maporomoko. Vijana wa hapo hujitosa kutoka juu kwa malipo. Wewe lipia kutazama, na ukae upande upepo unakotoka. Baada ya hapo mto unabadilisha majina, unaitwa Galana, unaitwa Sabaki, na unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Maji uliyofulia Jumapili na kuyamwaga mtaroni yanaenda pwani kila wiki, bila nauli, bila likizo ya bosi.

Mambo ya mwisho, na haya si mzaha. Lango la mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Malipo ni kwa eCitizen, kwa hiyo noti mfukoni hazitakusaidia. Chapati na maji ubebe mwenyewe, na taka uzirudishe nazo chini. Kileleni hakuna duka.